Siku ya Kuchana Kiriba

Mwalimu mmoja alikuwa na kitalu cha miche, mwamvuli mweusi, na mwanafunzi aliyempenda kama mwanawe. Mwalimu huyo jina lake Kirumbe. Alifundisha katika chuo cha mazingira kilichojibanza mlimani, chuo kidogo hata mpishi akipiga chafya jikoni, darasani wanamwambia pole. Wanafunzi wake walisoma asubuhi kwa kalamu na mchana kwa jembe. Waliporudi makwao likizo, ndugu zao waliwanusa kwanza ndipo wakawasalimia, wakawaita wasomi wa samadi. Nao jina hilo walilivaa kama joho.

Chuoni hapo palikuwa na desturi. Mwanafunzi mpya, kabla hata hajaonyeshwa kitanda, alipewa kiriba, kile kifuko cheusi cha plastiki cha kuoteshea miche, na mbegu ya mkwaju. Alijaza udongo mwenyewe, akapanda mwenyewe, akaulea mche wake mpaka siku ya kuhitimu. Siku hiyo aliubeba hadi mahali alikokwenda kufanya kazi. Shimo likishachimbwa, kiriba kilichanwa kwa wembe ili mizizi ikutane na ardhi. Ila hakuchana yeye. Wembe alipewa mtu mwingine, kwa sababu aliyelea mche mkono wake hutetemeka. Ataogopa kuumiza mizizi, ataacha nusu ya plastiki shimoni kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo itakayouua mche.

Mshika wembe alikuwa Mwalimu Kirumbe. Miaka nenda miaka rudi alichana viriba vya watoto wa watu bila kupepesa jicho, akaikunja plastiki, akaitia mfukoni, akapanda mlima kurudi kwake huku akipiga mluzi.

Kisha akaja Nakundwa. Binti huyu aliripoti chuoni amevaa mabuti mawili, yote ya mguu wa kushoto, akitembea upande upande kama kaa. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. "Msinicheke jamani," akawaambia, naye akicheka, "la kulia liko njiani, linakuja kwa miguu." Mwalimu, ambaye yeye na marehemu mkewe hawakujaliwa mtoto, hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na mabuti yake mwenyewe, akamkabidhi.

Toka siku hiyo upendo ukamshika Mwalimu kama homa. Nakundwa akiumwa, uji ulikorogwa na Mwalimu, tena kwa maziwa. Kikianguka kimanyunyu, ule mwamvuli mweusi ulifunguka juu ya kichwa cha Nakundwa. Binti kaja kusomea mvua, na mvua yenyewe haijawahi kumgusa! Wakulima walipopanda kuomba ushauri, swali lililorushwa kwa Nakundwa lilidakwa na Mwalimu kama golikipa aliyeahidiwa mbuzi. Nakundwa alikuwa na majibu, tena mazuri. Aliyameza kwa adabu. Utamkatizaje mtu ambaye umevaa mabuti yake?

Mwaka wa kuhitimu ulipofika, mwanamke mmoja mkulima, Bibi Nazieli, alipanda kutoka kijiji cha chini. Huko korongo lililochimbwa na maji ya mvua lilikuwa linakula mashamba, na kijiji kizima kilimtuma aombe mtaalamu mmoja tu, yule binti aliyewahi kuja na wenzake kupima mteremko na ambaye macho yake yalionyesha kwamba anajua. Mwalimu alimkaribisha, akampa kiti, akampa chai. Akasema, "Nakundwa bado hajakomaa. Tusubiri mvua zijazo." Wenzake Nakundwa wakatawanyika, kila mmoja na mche wake kifuani kama mtoto mchanga. Mwalimu akaenda kuchana viriba vyao, akarudi akipiga mluzi. Nakundwa akabaki kuwa msaidizi wake kitaluni. Na mkwaju wa Nakundwa, kwa kuwa mwenyewe haendi popote, nao ukabaki kitaluni, mrefu peke yake kati ya miche ya wageni.

Mvua zikaja. Bibi Nazieli naye akaja, safari hii na mapapai mawili na uso uliochoka. "Mwalimu, lile korongo limefika nyuma ya jiko langu. Nikisonga ugali nalisikia likimeza." Akamtazama Nakundwa, akamgeukia tena Mwalimu. "Hivi baba, huyu binti unamsomesha, au unamvundika kama ndizi?" Kitalu kizima kiliangua kicheko, Mwalimu akiwemo. Kicheko kilipokwisha, jibu lilikuwa lile lile: bado. Bibi aliyaacha mapapai, akateremka bila kuaga. Nakundwa alimsindikiza kwa macho mpaka khanga yake ikapotea kwenye kona ya njia.

Wakati huo mkwaju ulianza kuugua. Majani yaligeuka manjano, yakawa yanadondoka moja moja. Mwalimu aliumwagilia asubuhi, akaumwagilia jioni. Akaupa samadi ya mbuzi, akaupa ya kuku. Akauhamishia kivulini, na kivuli alipokiona hakitoshi, akachomeka mwamvuli wake ardhini ukaufunika. "Hongera mkwaju," wanafunzi wakaunong'oneza, "leo umepata ofisi." Lakini mche haukujali cheo. Uliendelea kunyauka, na kadiri ulivyonyauka ndivyo Mwalimu alivyozidisha maji.

Asubuhi moja Nakundwa aliuondoa ule mwamvuli, akauinua mche, akauweka mbele ya Mwalimu aliyekuwa anakunywa chai. Kando yake akaweka wembe.

"Nichanie, Mwalimu."

Mwalimu alitaka kuuliza shimo liko wapi. Alimtazama binti usoni, akaona si siku ya kuuliza. Akaushika wembe. Na mkono ule, uliochana viriba vya watoto wa watu bila kosa, ukaanza kutetemeka. Alichana kidogo, akapumzika. Akachana kidogo tena. Plastiki ilipoanguka, wote wawili wakainama kutazama. Udongo ulikuwa umekwisha ndani. Mizizi ilikuwa imejizungusha, ikajisuka, ikajifunga yenyewe kama ukili uliokunjwa, raundi juu ya raundi, ikitafuta mlango. Kiriba kilikuwa kimeondoka, lakini mizizi ilisimama pale mezani ikiwa na umbo la kiriba.

Kwa mazoea, Mwalimu alinyoosha mkono kulichukua debe la maji. Nakundwa akauweka mkono wake juu ya mkono wa Mwalimu, taratibu, kama mtu anayemzuia mgonjwa asiinuke.

"Mwalimu, mche huu haukukosa maji. Ulikosa ardhi."

Chai ikapoa. Mwalimu Kirumbe aliinamisha kichwa, akayaona mabuti yake katika miguu ya yule binti, yamechakaa kwa kuzunguka ua ule ule wa kitalu. Somo hilo alilifundisha mwenyewe kila mwaka, ubaoni, kwa michoro na chaki za rangi. Wala hakuna kati yao aliyejifanya kwamba habari hiyo ilikuwa ya mkwaju peke yake.

Basi akaushika tena wembe, akaikata ile mizizi iliyojizungusha, kama inavyopasa, Nakundwa akiwa ameshika shina. Kila alipokata alikunja uso, utadhani anajikata mwenyewe. Walipomaliza waliifunga ile iliyobaki kwa gunia bichi, wakateremka hadi kijijini.

Watu walikusanyika ukingoni mwa korongo, nyuma ya jiko la Bibi Nazieli. Bibi hakulaumu. Aliuliza tu, "Sasa mwanangu, tuanzie wapi?" Mwalimu alifungua kinywa. Akakifunga. Golikipa akauacha mpira upite.

Nakundwa alisubiri kidogo, kwa mazoea, kisha akatambua kwamba ukimya ule ulikuwa wake. "Tuanzie kule juu, Bibi," akasema, akinyoosha mkono mlimani. "Hapa maji yanafika yakiwa na hasira tayari. Tukayatulize huko yanakotoka." Watu wakachukua majembe, wakamfuata. Na shimo la kwanza lililochimbwa huko juu likawa la mkwaju.

Walipokuwa wanafukia, mvua ilinyesha. Mwalimu aliufungua mwamvuli nusu, akamtazama Nakundwa aliyesimama katikati ya watu, nywele zimelowa, uso umelowa, anacheka kama mtu aliyekutana na jamaa aliyemsikia miaka mingi kwa jina tu. Akaufunga mwamvuli. Akalowa naye.

Jioni alipanda mlima, kiriba kilichochanika kikiwa mfukoni. Alijaribu kupiga mluzi kama zamani, midomo ikakataa, akatembea vivyo hivyo kimya. Kitaluni mwanafunzi mpya alimkuta amekaa, akamwuliza, "Mwalimu, mbona umelowa hivyo na mwamvuli unao?" Mwalimu akamjibu kwamba mwamvuli ulikuwa unapumzika.

Ule mkwaju ulipukutisha kwanza majani yote, watu wakautilia shaka. Baada ya hapo ukachipua, na korongo halijaonja tena nyuma ya jiko la Bibi Nazieli.

Nawe uliyelea kwa upendo, ukafunika kwa kivuli, ukamwagilia hata pasipohitaji maji: wembe wako umeuficha wapi?