Tangi Lenye Kufuli

Mtu mmoja wa visiwani, katika Ziwa Viktoria, alikuwa na boti ya mashine. Jina lake Bwire. Alivusha abiria kwenda bara na kurudi, na nahodha wake alikuwa Masatu, mdogo wa mke wake, mtu wa maneno machache ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akigombana pale mwaloni, ufukweni zinakoegeshwa boti.

Wezi wa petroli wakamwandama Bwire. Waliingiza mpira ndani ya tangi, wakanyonya, asubuhi akakuta patupu. Yalimkera, na ni haki yake kukereka. Basi akatia kufuli kwenye kifuniko cha tangi. Kisha akaitazama ile skrubu ndogo juu ya kifuniko, inayopitisha hewa iingie kadiri petroli inavyotoka, akaona na hiyo nayo ni njia ya mwizi. Akaikaza mpaka mwisho, akaivika kipande cha mpira wa baiskeli, akakifunga kwa waya. Ufunguo wa kufuli akauvaa shingoni kama hirizi. Siku hiyo alikula akashiba.

Wezi kweli hawakuiba tena. Ila mashine ndiyo ikaanza vituko. Ikitoka mwaloni inaunguruma vizuri. Ikifika katikati ya maji inakohoa, king'ora chake kinalia, kisha inazima. Abiria wakanung'unika. Bwire akasema petroli imechakachuliwa, akaenda kumtukana muuzaji mbele ya watu. Akanunua kwingine, akafungua kufuli, akajaza, akafunga. Ikaenda, ikazima palepale. Akabadilisha plagi. Ikazima. Ndipo Masatu akaomba apewe ufunguo alitazame tangi, na ombi hilo ndilo lililomponza. Bwire alimkodolea macho, moyoni akasema: kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako. Anayetaka ufunguo si ndiye aliyekuwa akinyonya? Akamwita mwizi abiria wakisikia, akampokonya usukani, akamkataza asikanyage tena nyumbani kwake. Masatu aliosha miguu yake ziwani, akaenda zake. Nyangeta, mke wa Bwire, aliposikia ndugu yake ameitwa mwizi, alilia.

Haukupita muda, binti yao Nyabise akashikwa na homa kali, akaanza kupata degedege. Mganga wa zahanati akasema mtoto ameishiwa damu, na pale hawana damu ya kumwongezea. Wamkimbize hospitali ya bara. Boti nyingine zote zilikuwa zimepeleka watu mnadani. Bwire akajaza tangi, akafunga kufuli, akashika usukani mwenyewe. Nyangeta akaketi chini, mtoto mapajani.

Katikati ya maji mashine ikakohoa. King'ora kikalia. Ikazima. Sasa mtazameni mtu aliye katika shida anavyotafuta, na msimcheke haraka. Maji ya kupoozea yalikuwa yakitoka vizuri, kwa hiyo haikuwa joto. Akafungua plagi, akazipuliza, akazirudisha. Akafungua filta, akaikuta safi, haina hata tone la maji. Akavuta kamba ya kuwashia mpaka kiganja kikachubuka. Akaminya kile kibofu cha mpira kinachosukuma petroli, akakikuta kimebonyea, hakijai, kama kiwele cha mbuzi aliyekwisha kukamuliwa. Tangi lenyewe aliliona limeingia mbavu, akasema ni jua. Akamlaani muuzaji wa petroli, akamlaani fundi, akamlaani na Masatu, kwamba hakika kabla ya kuondoka alitia kitu humo. Na muda wote huo ufunguo unaning'inia kifuani pake, unagonga mashine kila anapoinama.

Nyabise akakakamaa tena mapajani mwa mama yake. Nyangeta hakujua mambo ya mashine. Alimjua mumewe. Akasema:

“Baba Nyabise, umefungua kila kitu isipokuwa ulichokifunga wewe.”

Bwire alitaka kumfokea, na mdomo alikwisha kuufungua. Lakini mtoto alikuwa ametulia kupita kiasi, na hofu ikamwingia, ile hofu ya mzazi isiyo na majivuno. Akavua ufunguo. Akafungua kufuli, akakizungusha kifuniko. Kifuniko kilipolegea, tangi likavuta pumzi kwa kishindo, mbavu zake zikarudi nje. Bwire aliisikia hewa ile ikiingia, akajua ni yeye mwenyewe aliyelinyima tangi pumzi. Akaona aibu, lo, aibu ya kutaka kujitosa majini. Akaminya kibofu, kikajaa, kikawa kigumu. Akavuta kamba mara moja tu, mashine ikaitika.

Walifika. Mtoto akatundikiwa damu, akapona, na leo anakwenda shule. Bwire ameondoa kufuli, mpira na waya, skrubu inapitisha hewa yake. Wezi humnyonyea kidogo mara mojamoja, naye huvumilia. Kwa muuzaji wa petroli alipita, akamsalimia kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa Masatu hajaenda. Husema atakwenda. Husema Masatu mwenyewe anajua kwamba yamekwisha. Husema mtu mzima haombi radhi kwa mdogo wa mke wake, watu watasemaje? Nyangeta huendelea kuchambua mchele. Na nyumba ya Masatu si mbali. Iko kando ya njia ya kwenda ziwani, na Bwire huipita kila siku akitazama upande mwingine.

Basi ninyi mnaonisikiliza, niambieni: siku ile kule majini alipona nani, mtoto na baba yake, au mtoto peke yake?