Vyungu vya Jumatano

Kelele haizibi ufa. Mmenisikia nikisema, mkataka kujua imetoka wapi. Basi tulieni. Imetoka motoni, kwa wafinyanzi wa milimani Upare, na aliyeileta alikuwa bibi arusi ambaye hata miezi miwili hajamaliza kijijini.

Jina lake Nakijwa. Alikuja na ufundi wa mama yake mikononi, wakampokea vizuri tu. Mwezi ule ule vyungu vikaanza kupasuka motoni. Wiki ya kwanza vitano, ya pili tisa, ya tatu karibu nusu. Mpe mtu hasara na mgeni kwa siku moja, uone kama atahangaika kufikiri. Wakasema ana mkono mbaya. Kila aliyesema alipaza sauti kumshinda aliyetangulia, na sauti zilivyopanda wakadhani ushahidi nao unapanda.

Namkunda, mkubwa wa wafinyanzi, akamwita mbele ya wote.

"Mke wa mwanetu, umekuja wewe, vyungu vikapasuka. Usikanyage tena kwenye machimbo ya udongo."

Nakijwa alijua maana yake. Bila udongo angekuwa mtu wa kuomba hata chumvi kwa mama mkwe. Lakini alikataa kulia. Akaketi chini palepale.

"Mama, mwezi ule nilikuja mimi. Kingine kilichokuja ni nini?"

"Hakuna."

"Na gulio?"

Wanawake wakatazamana. Kweli, gulio, soko lao la kila wiki, lilikuwa limehamishwa kutoka Jumamosi hadi Alhamisi. Vyungu walivyofinyanga Jumapili, ambavyo zamani walivichoma Ijumaa, sasa walivichoma Jumatano.

"Basi tulikuja pamoja, mimi na hiyo Alhamisi," akasema Nakijwa. "Tutenganisheni. Nusu ya vyungu chomeni Jumatano, mimi sitatoka nyumbani. Nusu viacheni vikauke hadi Ijumaa, nivichome mwenyewe kwa mkono huu mnaousema. Vikipasuka, narudi kwetu."

"Maneno mengi," akasema Namkunda.

"Ni siku mbili tu, mama."

Namkunda akafikiri, akakubali.

Jumatano vilipasuka vinane, Nakijwa yuko nyumbani anasaga. Ijumaa akavipanga vilivyobaki, akawasha, akakaa na moto wake mpaka ukafa. Namkunda mwenyewe ndiye aliyefukua majivu. Akagonga chungu cha kwanza kwa kidole, kikalia vizuri. Akagonga cha pili, cha tatu, hadi cha mwisho. Vyote vizima.

Mwanamke mmoja akaanza tena kwa sauti kubwa, eti labda mgeni ametia dawa. Namkunda akachukua chungu kimoja kilichopasuka Jumatano, akamwekea miguuni.

"Haya, kipigie kelele kizibike."

Yule mwanamke akakitazama chungu, akaondoka zake. Tangu siku hiyo gulio lilipelekewa vyungu vya wiki iliyotangulia, vilivyokauka sawasawa, na asubuhi Nakijwa alikuwa wa kwanza kushuka machimboni.

Kwa hiyo mkibishana, wajukuu zangu, msishindane kwa sauti. Kelele haizibi ufa.