Kiboko Aliyeficha Mali Yake

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Na bwawa!"

"Maji yake ya nani?"

"Ya mwenye kiu!"

Haya, nyie mnaotafuna huko nyuma, mezeni kwanza. Ngano haichanganywi na karanga.

Hapo kale, katika bonde moja, wanyama wote walikunywa maji ya bwawa moja. Humo ndani alikaa Kiboko. Wallahi, alikuwa na tumbo, na alikuwa na choyo, na sijui kipi kilikuwa kikubwa zaidi. Akishiba anajisaidia humo humo majini: puuu! Kisha mkia unatawanya: pacha, pacha, pacha!

Kando ya bwawa aliishi Nguchiro na wanawe, vitoto vidogo, vinene, vyenye makelele. Nguchiro alivipenda mpaka akivitazama vimelala anasahau kula.

Siku moja ndege Kwarara akatua mlangoni pake. "Ngwaa! Ngwaa! Mwenzangu, kwenye bonde la jirani kumeingia kipindupindu. Kiko kwenye maji. Watoto wa dada yako, amesalia mmoja."

Nguchiro akalia. Akafuta machozi, akaenda kwa Kiboko: tipu, tipu, tipu!

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Kipindupindu kiko jirani, mjomba. Tunakuomba haja yako ukaifanyie kule juu, mbali na maji, kabla hakijatufikia."

"Kwani hapa nani anaumwa?"

"Bado hakuna."

"Akiumwa mtu, njoo uniambie." Puuu! Pacha, pacha, pacha!

Kesho yake Nguchiro akarudi: tipu, tipu, tipu!

"Mjomba, nakusihi."

"Kwani hapa nani anaumwa?"

"Bado, mjomba."

"Basi bado." Puuu!

Nguchiro akarudi nyumbani. Yaani angoje mwanawe aumwe ndipo apate shahidi? Thubutu! Akajifunga kibwebwe, akachukua kikapu na kanga ya kukifunikia, akaenda ukingoni kuzoa mavi ya Kiboko. Huku anaimba kwa sauti ya chini, ile ya chini ya kutaka kusikika:

"Zoa, zoa, mwenye mali hajui, zoa!"

Kiboko akaibua kichwa: bwaa! "Wee! Umebeba nini?"

"Si kitu, mjomba. Uchafu tu."

"Uchafu unafunikwa kanga?"

"Mjomba, usiniponze! Nyati kaniambia nimpelekee kimya kimya, mwenyewe asijue."

"Anautaka wa nini?"

"Mimi nijuaje? Wakubwa hawahangaikii kitu cha bure."

Choyo kikampanda Kiboko mpaka masikioni. "Rudisha! Umetoka tumboni mwangu, ni mali yangu!"

"Narudisha, mjomba. Ila ukiiacha majini, maji yanaiba."

"Ala!"

"Ukiiacha wazi, nzi wanaiba. Kila nzi anaondoka miguu imejaa."

"Ala!"

"Na ukitoka kuificha bila kunawa, harufu itakusema kwa Nyati."

"Ala, ala, ala!"

Siku hiyo hiyo Kiboko akapanda kilimani, akachimba shimo: gubu, gubu, gubu! Kila haja akaifanyia humo, akafukia kwa udongo na majivu, akanawa sana, kisha akalala juu ya shimo jicho moja wazi. Kule bwawani chemchemi ikaleta maji mapya, mpaka ukaona mawe chini.

Kipindupindu kikaja. Kikachungulia bwawani, kikakosa pa kukaa, kikaenda zake.

Mnadhani walimshukuru? Ngiri akamcheka: "Nguchiro mwongo! Umetutia hofu bure. Mbona hakuna aliyeumwa?" Wote wakacheka. Hata Kiboko, kule juu ya mali yake, akacheka.

Nguchiro alikuwa akimkimbiza kitindamimba wake aliyegoma kuoga, mzima wa afya, mnene, anapiga makelele ya kuua. Alifurahi, jamani. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

Sasa funzo, mlishike. Wanangu, msijikinge na maradhi hata siku moja! Ukijikinga hutaumwa, na usipoumwa nani atakuletea uji na pole? Ngojeni muugue kwanza, mpate heshima yenu.

Ngano nimeitua hapa, atakaye aibebe. Haya, sinia la ubwabwa hilo, karibuni tule.

Ebo! Wewe, na mkono huo unakwenda wapi? Kanawe!