Kelele za Kuku na Yai la Kubakiza

Mmemsikia huyo? Katoka kutaga sasa hivi, na mji mzima umeshajua! Basi enzi zile ambazo watu na wanyama walizungumza bila mkalimani, kuku hakuwa hivyo. Alitaga kimya kimya, tena vichakani, na kila mara alihama. Mtu aliweza kufuga kuku mwaka mzima asione yai, labda akanyage viza akiokota kuni.

Na kosa lilikuwa la watu wenyewe. Desturi ya huko milimani ilikuwa hivi: ukikuta kiota, zoa mayai yote. Kubakiza hata yai moja kulihesabiwa uchoyo, kwamba unamfichia mgeni. Walikuwa watu waungwana, wakarimu kupita kiasi, na kwa ukarimu wao huo wakakosa mayai ya kumpa huyo mgeni!

Nakijwa alikuwa ameolewa karibuni katika mji wa mama mkwe wake, Namkunda. Alikuja na kuku mmoja mwekundu, zawadi ya mama yake mzazi, ambaye alifariki muda mfupi baada ya harusi. Ukumbusho mwingine hakuwa nao. Sasa sikukuu ya mavuno ikakaribia, na Namkunda hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mkaza mwana," alisema, "kuku asiyetaga ni mboga. Wageni wakifika kesho, huyo anaingia chunguni."

Jamani, moyo ulimpasuka Nakijwa! Alimfuata yule kuku hadi kichakani, akamkuta anazungukazunguka kwenye kiota kitupu, kile kilichozolewa mayai na watu wa mji. Anaparua majani, anachungulia, anaparua tena.

"Mwenzangu, mbona hutagi? Watakuchinja!"

"Nitage wapi?" kuku alijibu. "Kila nikirudi nakuta patupu. Mahali pasipobaki kitu si kwangu, nahama. Nibakizieni moja tu, muone kama nitaondoka."

Nakijwa alirudi nyumbani mbio. Akatafuta tenga bovu, akanyunyiza majivu ya kuzuia utitiri, akatandika majani makavu na kuliweka nyuma ya jiwe la kusagia. Kisha akaomba yai moja kwa jirani, akalilaza humo. Kuku aliingia, akaligusa kwa mdomo, akatulia.

Asubuhi wageni walijaa uani, na Namkunda akaja na kisu. Alipomwinua kuku akaona yai, aliwaka.

"Umelificha! Unataka watu waseme mji wangu ni wa wachoyo?"

"Mama, nakuomba, msubiri kidogo. Yuko karibu kutaga."

"Yuko karibu na chungu!" Namkunda akamrudisha tengani kwa kishindo, akaenda kutazama maji ya kunyonyolea kama yamechemka.

Kuku alijikunja, akajikaza. Kisu kilipotokea tena mlangoni, aliruka juu ya jiwe la kusagia na, kwa mara ya kwanza tangu kuku waumbwe, akapasua sauti. "Kote-kote-kotee! Lipo! Njooni mwone, lipo!"

Watu wote walijazana mlangoni. Mayai mawili! Namkunda aliangusha kisu, akanyoosha mikono yote miwili ayazoe, kama desturi ilivyotaka. Nakijwa, ambaye hakuwahi kumpinga mkwewe kwa lolote, alimshika kiganja mbele ya wageni.

"Chukua hilo la moto, mama. Hili jingine mwachie mwenyewe."

Namkunda aliwatazama wageni, akamtazama kuku aliyesimama pale juu akitweta, akachukua moja. Kesho yake kelele zikasikika tena. Na keshokutwa tena! Namkunda alicheka hadi akakaa chini, na wageni waliondoka wakiulizana nani ana tenga bovu.

Na tangu siku hiyo, kuku akishataga hushuka kiotani akipiga kelele, kila mwenye kisu asikie kwamba leo yeye si wa kuchinjwa. Na mfugaji mwenye akili huacha yai moja. Haya, wewe uliyetoka bandani na pindo la kanga limevimba, usinichekee. Rudisha moja.