Sange, Kiboko na Jani la Maporomoko

Paukwa.

Pakawa.

Akaja nani?

Akaja mdogo.

Akamkuta nani?

Akamkuta mkubwa.

Akamwacha vipi?

Akamwacha kinywa wazi.

Basi sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana huko mbele kuna mahali pa kushika pumzi.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na mashine zao, alikuwapo Sange, yule mnyama mdogo kama ngumi, mwenye pua ndefu kama mrija. Pua ya Sange haitulii. Akila inacheza, akisema inacheza, akilala inacheza. Sange alikuwa mjane mwenye watoto wawili na mashine moja ya kusaga. Mashine yenyewe ndogo kama yeye, lakini ikiwashwa inasema ng'rrr, ng'rrr, ng'rrr, unga unatoka mweupe, laini. Watoto walikula kwa mashine ile. Walivaa kwa mashine ile. Mashine ikinyamaza, na sufuria inanyamaza.

Umeme aliuza Kiboko. Hakuna mwingine aliyeuza. Alikuwa na waya mmoja mrefu, na ndani ya waya huo alitia umeme wa namna mbili. Wa kwanza ulitoka maporomokoni: maji yanaanguka shwaaa, gurudumu kubwa linazunguka, umeme unatoka. Wa pili ulitoka kwenye tanuri lake nyuma ya kilima, tanuri linalokula miti kutwa kucha. Na umeme huu na huu ukishaingia kwenye waya, hakuna anayeujua. Ni kama maji ya visima viwili katika mtungi mmoja. Ukishachota kata yako, nani atasema tone hili ni la kisima kile?

Sasa miti ikaanza kwisha. Ndege wakawa wanalala chini kama kuku. Baraza la wanyama likakaa, likasema: kuanzia leo, mwenye mashine atumie umeme wa maji. Atakayetumia wa kuni, waya wake utakatwa, na mlango wake utazibwa kwa mawe.

Watajuaje? Wakaweka utaratibu. Pale maporomokoni alikaa Chura. Kila gurudumu likishatoa umeme wa kutosha mashine moja kwa msimu mzima, Chura anachovya mguu kwenye tope jeusi, anaupiga juu ya jani pana: pwaa. Umeme wa mashine moja, jani moja. Mwenye mashine akinunua umeme ananunua na jani lake, kisha analitafuna mbele ya mkaguzi, analimeza, mpaka liishe. Kwa nini alimeze? Ili jani lisije likatembea nyumba mbili.

Utaratibu mzuri. Lakini jani lile lilikuwa chungu. Mwarobaini mbele yake ni sukari. Wenye mashine walilitafuna huku machozi yakiwatoka, Kanga alilitapika mara mbili akaambiwa alirudie. Kiboko akaona, akawaita.

"Wateja wangu," akasema, "uchungu wote huu wa nini? Mambo ya kutafuna ni ya kishamba. Mimi nitawatunzia majani yenu. Siku ya ukaguzi nitakuja mwenyewe mlangoni kwako, nitamwonyesha mkaguzi jani lako, ataliona, ataondoka. Meno yenu yapumzike."

Wote wakashukuru. Hata Korongo, mkaguzi wa baraza, alishukuru, maana alikuwa amechoka kutazama watu wakikunja nyuso. Umeme wa kuni Kiboko alikuwa akitoza gunia moja; huu wa maji akatoza magunia mawili, na watu wakatoa mawili bila kinyongo.

Ukaja ukame. Jua liliwaka mpaka mawe yakapasuka. Lakini mashine ya Sange haikusimama hata siku moja. Ng'rrr, ng'rrr, ng'rrr. Sange akasema moyoni, huyu Kiboko ni mtu wa kweli, anatupa maji hata kiangazi. Ngoja nimpelekee Chura kifurushi cha unga, maana naye ndiye anayetupigia nyayo.

Akajitwisha unga wake asubuhi, akapanda, akapanda, akapanda. Kadiri alivyokaribia alitega sikio asikie shwaaa. Hakusikia shwaaa. Akasema labda upepo umegeuka. Akafika.

Maporomoko yalikuwa makavu. Mwamba mtupu, mweupe, kama mfupa uliolambwa. Gurudumu limesimama. Chini yake, kwenye ufa wenye unyevu kidogo, Chura amejibanza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Sange. Hebu simama hapo unizibie jua."

"Shangazi, maji yako wapi?"

"Yamekwenda zake. Huu mwezi wa tatu."

"Na gurudumu?"

"Si hilo. Buibui amejenga humo, amezaa, na binti zake amekwisha waoza."

"Na majani, shangazi? Msimu huu umepiga nyayo kwenye majani mangapi?"

"Nipige kwa umeme upi, mwanangu? Nimepiga moja. Siku ile ya kwanza, gurudumu lilipokuwa likikata roho. Kiboko akalichukua. Tena lenyewe lilikuwa na tundu la kiwavi pembeni, nikamwambia subiri nichume lingine, akasema hilo hilo latosha."

Pua ya Sange, ambayo haitulii hata akilala, ikatulia tuli. Kifurushi kikamtoka kichwani, unga ukamwagika mwambani, na hakuuona. Mashine yake ilikuwa imesaga miezi mitatu. Imesaga kwa umeme gani?

Akashuka mbio. Alipopita nyuma ya kilima akaona. Palikuwa na msitu pale. Yeye mwenyewe alizaliwa chini ya majani yake. Sasa ni visiki, visiki, visiki mpaka macho yanakoma, na tanuri la Kiboko katikati, linasema vuuu, vuuu, kama mgonjwa wa pumu. 

Akaenda kwa Kanga, aliyekuwa na mashine ya kutotolea vifaranga.

"Shoga, jani lako la msimu huu umeliona?"

"Nimeliona. Kiboko alikuja kunionyesha juzi, kabla ya ukaguzi. Zuri, isipokuwa lina tundu pembeni."

Akaenda kwa Nungu, yule kinyozi ambaye wateja wanamkalia mbali.

"Kaka, jani lako umeliona?"

"Nimeliona. Lina tundu pembeni."

Kwa Kima mshonaji, tundu pembeni. Kwa Mbweha mwenye friji la nyama, tundu pembeni. Mashine kumi na mbili, na yake ikiwamo, na kila mmoja anaapa jani ni lake, tena anajivunia.

Sange akaenda mpaka kwenye dimbwi la mwisho lililobaki mtoni, alikolala Kiboko.

"Shikamoo, mzee."

"Puuuh. Marahaba. Nani anaongea? Nasikia sauti, simwoni mtu."

"Ni mimi Sange. Nimetoka maporomokoni, mzee. Nimemwona Chura. Nimeliona gurudumu. Na hilo tundu la kiwavi, nimeliulizia nyumba kumi na mbili."

Sange alidhani mzee atashtuka. Alidhani ataapa, atakana, atatafuta la kusema. Kiboko akapiga mwayo, kinywa kikafunguka kama mlango wa ghala, kikajifunga.

"Mashine yako imewahi kukataa kusaga?"

"Haijakataa."

"Unga ulitoka mweusi?"

"Ulitoka mweupe."

"Basi unataka nini?"

"Nataka maji niliyoyalipia."

"Nenda kaseme barazani," akasema Kiboko. "Sema, mimi Sange nimesaga msimu mzima kwa kuni. Halafu usikilize waya wa nani utakatwa. Wako, au wangu? Wangu ndio waya wenyewe, bibi."

Sange akayapima maneno yale. Kumbe ni kweli. Aliyetapeliwa ni yeye, na mwenye kosa ni yeye. Akisema, mlango unazibwa kwa mawe na watoto wanalala na njaa. Asiposema, tanuri linakula mpaka kisiki cha mwisho.  Kisha pua ikaanza kucheza tena, polepole.

"Mzee, umenifundisha," akasema. "Mimi mdogo, na akili yangu ndogo. Naomba jambo moja tu. Korongo akija keshokutwa, uanzie kwangu. Nina moyo mwepesi. Nikikaa kusubiri nitatetemeka, na mtu akitetemeka husema yasiyosemwa."

"Utakuwa wa kwanza. Uniwekee pumba."

"Pumba zipo, mzee. Debe zima."

Sange akapita mlango kwa mlango. "Keshokutwa asubuhi njooni kwangu, kuna uji wa bure." Nyinyi mnajua neno bure linavyotembea. Siku ilipofika wote walikuwa uani, kila mmoja na kata yake.

Korongo akaja, taka, taka, taka, akasimama mlangoni kwa mguu mmoja kama kawaida yake. Kiboko akaja nyuma yake na jani juu ya sahani. Alikuwa amelipaka mafuta, limeng'aa kama limechumwa alfajiri.

"Mheshimiwa," akasema Kiboko, "hili ndilo jani la Bi Sange. Umeme wa maji mtupu."

"Naliona," akasema Korongo. "Unyayo wa Chura, naam."

"Mzee," akasema Sange, "pumba zako zile pale, zisije zikapoa. Nipe nikushikie sahani."

Kiboko akatazama debe. Akatazama Sange, kiumbe kama ngumi. Akampa sahani, akainamisha kichwa ndani ya debe.

Sange akalichukua jani, akalikunja, akalitia kinywani.

Nyaf. Nyaf. Nyaf.

Uchungu ukampanda mpaka masikio yakasimama. Machozi yakamtoka, mkia ukajikunja. Nyaf, nyaf, nyaf. Akameza: gdu.

Uani uji ukapoa katani. Kiboko akainua kichwa, pumba zimemganda puani, akaona sahani tupu.

"Amefanya nini huyu?" akauliza Korongo.

"Nimefuata sheria ya baraza, mheshimiwa," akasema Sange, akijifuta machozi. "Anunuaye umeme wa maji hutafuna jani lake mbele ya mkaguzi. Au imefutwa?"

Korongo akafikiri. "Haijafutwa. Tulikuwa tumeipumzisha tu." Akatoa chokaa, akachora alama nyeupe mlangoni kwa Sange. "Huyu amemaliza. Twende kwa Kanga."

"Kwa Kanga kesho," akasema Kiboko.

"Kanga yuko hapa. Jani la Kanga liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Lipo lilipo."

"Basi tuone la Nungu."

"La Nungu nalo lipo."

"Wapi?"

"Pamoja na la Kanga."

"La Kima?"

"Yako pamoja, mheshimiwa. Majani yote yako pamoja."

"Pamoja wapi, Kiboko?"

Kiboko akavuta pumzi, hasira ikampanda ikamzidi akili, akamwelekezea Sange mdomo wake wote. "Tumboni mwa huyu mwizi. Amelila. Amelila la Kanga, amelila la Nungu, amelila la Kima, ameyala yote kumi na mawili kwa tonge moja."

Hapo ndipo pa kushika pumzi. Kanga alikuwa akitaka kunywa, kata ikabaki njiani. Miiba ya Nungu ikasimama yenyewe, Mbweha akasogea kando. Kima akahesabu kwa vidole vya mikono, akaongeza vya miguu, akarudia, hakupata zaidi ya jani moja. Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja tangu aliporithi kazi kwa baba yake, akashusha wa pili.

"Jani moja," akasema taratibu. "Mashine kumi na mbili."

Kiboko akasikia alichokisema mwenyewe. Akafunga mdomo, lakini maneno yalikuwa yamekwisha toka.

"Mheshimiwa," akasema Sange, "hawa usiwakatie waya. Walilipa magunia mawili mawili. Anayedaiwa majani ni muuzaji, si mnunuzi."

"Anadaiwa kumi na moja," akasema Korongo. "Na jani halipigwi mpaka gurudumu lizunguke. Tanuri lizimwe leo hii."

"Maji hayapo," akasema Kiboko, sauti imekuwa nyembamba.

"Ndiyo, hayapo."

 Kisha wote, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kumtazama Kiboko: yale mapaja, ule mgongo, ile miguu minne kama nguzo za msikiti.  Yeye mwenyewe alijitazama, akaelewa, akakaa chini.

Siku hiyo hiyo wakampeleka maporomokoni, wakamtoa buibui na wajukuu zake kwa heshima, wakamwingiza Kiboko ndani ya gurudumu. Kwiii, kwiii, kwiii. Anatembea hafiki. Kwiii, kwiii, kwiii. Umeme ukatoka. Kila deni la mashine moja likitimia, Chura anatemea mate vumbi, anachovya mguu: pwaa. La kwanza hilo. Kiboko alipofika la kumi na moja mvua ilikuwa imekwisha nyesha, na ngozi yake inamning'inia kama kanzu ya kuazima. Kanga na wenzake walitafuna kila mtu la kwake, wakalia kila mtu machozi yake, na tangu hapo hakuna aliyetaka kutunziwa.

Jioni moja Kanga akamjia Sange kusaga mtama. Akakaa, akaitazama ile alama ya chokaa mlangoni, akasema, "Shoga, nina neno linaniwasha. Sisi jani letu limetoka jashoni mwa Kiboko. Wewe ile miezi mitatu ulisaga kwa umeme gani?"

"Wa maji, shoga."

"Maji gani, na mto ulikauka?"

Sange akawasha mashine, ng'rrr, ng'rrr, ng'rrr. "Jani limo tumboni," akasema. "Ingia ukaliulize."

Funzo la hadithi hii, wajukuu, ni kwamba ulafi haufai. Atiaye kinywani kilicho cha wengi huaibika mbele za watu, na mwisho wake ni mbaya. Mnaniuliza mbona Sange hakuaibika? Mimi nimewapa funzo. Sikusema ndivyo ilivyokuwa.

Nimeitoa kinywani mwangu, imo masikioni mwenu. Ikiwakolea, mpelekeeni jirani. Ikiwachachia, nirudishieni, niitie chumvi.