Ndugu Wawili na Wingu la Kileleni

Wale wa nyuma sogeeni mbele, nafasi zipo, hakuna anayewang'ata. Leo nasema habari ya wivu, na sitaki mtu aseme hakusikia.

Kulikuwa na mlima huko kaskazini, mbali kabisa, katikati ya jangwa la mawe meusi. Gari halifiki, unakwenda kwa miguu na ngamia. Chini ya mlima jua linachoma mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha jiwe. Kileleni lakini kuna baridi, na kuna msitu. Kila alfajiri upepo wa mashariki ulileta wingu, likajikalia kwenye ile miti, na miti ikadondosha maji asubuhi nzima bila mvua kunyesha. Ajabu ya Mungu hiyo.

Mlima huo waliachiwa ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Baba yao alisema mkubwa akae mashariki na ng'ombe, mdogo akae magharibi na ngamia. Sasa, wingu liliishia kileleni. Kwa mkubwa palikuwa kijani mwaka mzima. Kwa mdogo ulishuka upepo mkavu tu, unang'oa mikeka ya nyumba na kutia mchanga kwenye maziwa. Alichokuwa nacho ni chemchemi iliyotoka kwenye mwamba karibu na nyumba yake. Alikunywa yeye, watoto wakanywa, ngamia wakanywa. Lakini alishaizoea, na wewe unajua kitu ulichokizoea unavyokiona.

Yule mdogo roho ilikuwa inamuuma. Akiamka hasemi hata asante kwa Mungu, anatazama kileleni. Wingu lile pale, la kaka.

Mkewe anamwambia, "Baba watoto, kunywa chai, inapoa."

"Mwenzangu anakunywa maziwa ya ng'ombe walioshiba. Mimi nakunywa vumbi."

"Kwani kaka yako amekukosea nini?"

"Amezaliwa kwanza."

Mnacheka? Haya, chekeni, ila kila mmoja acheke akijiangalia mwenyewe.

Wivu ukishakaa kichwani una hesabu zake. Akajiambia, miti hii ndiyo inalizuia wingu lisifike kwangu. Miti ikiondoka, litavuka. Lakini desturi yao ilikuwa kali: hakuna kukata mti mbichi kileleni mpaka nyumba zote mbili zikubaliane. Basi akangoja kiangazi, akapanda na kijinga cha moto kama warina asali wanavyopanda, ili akionekana aseme anakwenda kufukiza nyuki. Mzinga aliufukiza, asali hakuigusa. Moto akauacha palepale, akashuka. Msitu wote wa kileleni ukateketea.

Msimu wa upepo ukaja. Akatoka nje, akatazama juu, na kweli, wingu likavuka. Likapita juu ya paa lake mwenyewe. Akamwita mkewe kwa furaha, wakapanga vibuyu uwanjani. Wingu likaenda zake jangwani, halikuacha hata tone. Kesho yake vilevile. Ndugu zangu, wingu lile halikuwa na mvua hata siku moja. Ile miti ndiyo ilikuwa inalikamua.

Na maji yaliyokamuliwa yalikuwa yanakwenda wapi? Machache yalilowesha nyasi za kaka. Mengi yalizama ndani ya mlima, na mwamba wa mlima ule umeinamia magharibi. Haukupita muda mrefu, chemchemi ikawa tope.

Siku moja akamwona kaka yake anakuja na ng'ombe waliokonda. Akadhani amekuja kulipiza, akashika fimbo. Kaka akamsalimia kwa upole.

"Mdogo wangu, nyasi zimekwisha kwetu. Nimekuja kukuomba maji. Mimi sijawahi kuwa na chemchemi, ni yale matone tu, shemeji yako akikinga kwa sufuria. Miaka yote hii nakuonea wivu. Nilikuwa nasema baba alikupenda wewe zaidi."

Mdogo akaweka fimbo chini. Akamshika mkono, akampeleka kwenye mwamba. Kaka akainama, akatia kidole kwenye tope. Kisha akainua macho kwenye kile kilele kilicho uchi.

"Hivi ule moto," akauliza, "aliuwasha nani?"

Sasa niambieni, amjibu nini?

Sisi tunapiga magoti hapa tunasema, "Bwana, nibariki." Moyoni tunamalizia, "na yule mpunguzie." Tunapeleka maneno kazini mwenzetu ashushwe. Tunavuruga ndoa ya dada yetu kwa simu moja. Na riziki yetu inapitia kwake. Jirani unayemwombea mabaya ndiye anayekaa na mtoto wako ukiwa kazini. Akihama, utamwacha mtoto kwa nani?

Yupo mtu humu ndani ambaye ukimwona amependeza, ibada yote inakuharibikia. Unamjua. Usigeuke kumtazama. Tukitoka, mfuate, muulize yeye anatamani nini kwako. Na kama ulishamharibia, mwambie leo hii, kwa mdomo wako, kabla hajakuuliza ni nani.