Jina la Mtoto wa Tutani

Hapo zamani, zamani ya kijiji chetu cha Shungulani, usiku wa manane ulikuwa ukisikika mlio wa mabeleshi yakikwaruza mchanga, kwaru, kwaru, na kila mtu alijua ni vijana wa malori wanachimba tuta la ufukweni wakauze mchanga wa kujengea, na kila mtu alivuta shuka akalala. Mmoja hakulala. Huyo ni mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo. Aliwasha taa akaenda kukaa juu ya tuta, kwa sababu watoto wake watatu waliofariki wachanga wamezikwa pale. Akakaa usiku ule, akakaa uliofuata, akakaa miaka minne. Vijana wakamchoka, wakaenda kuchimba kwingine. Tuta likabaki.

Huyo wa kwanza, mweke akilini.

Wa pili ni Raya, mtafiti kutoka chuo kikuu. Alikuja na bomba la chuma, akalididimiza nyuma ya kijiji, kule bahari inakoingia kama mkono ndani ya mikoko, akatoa udongo mrefu kama muwa, na katikati yake mstari mweupe. Akatuambia huo ni mchanga wa baharini, uliletwa na tsunami kabla hawajazaliwa babu wa babu zetu. Ardhi ya chini ya bahari huporomoka, maji yote yaliyo juu yake husukumwa. Halafu akakitia kijiji chetu ndani ya kompyuta akakizamisha mara mia nne. Mara mia nne, na kila mara maji yalizunguka rasi, yakabanwa kwenye ule mkono, yakatupiga kwa nyuma. Kwa hiyo, akasema mkutanoni, siku bahari ikikauka ghafla msikimbilie mikokoni, pandeni tuta la ufukweni. Yaani tuikimbilie bahari! Watu walicheka mpaka mwenyekiti akafunga mkutano.

Wa tatu ni Saumu, jirani na shoga yangu, aliyecheka kuliko wote. Harusi iliyofuata aliazima miwani, akashika rula, akamwigiza Raya, na wimbo akautunga:

*Bahari ikija usiipe mgongo,*
*ipe uso, bibi, ipe uso,*
*panda tuta ukaingoje.*

Wanawake wakaupenda. Tukauimba tukikuna nazi, tukauimba tukiogesha watoto, na Raya akipita dukani aliimbiwa, akainamisha kichwa akaenda zake.

Sasa mimi. Nilikuwa na mtoto wa siku sita, wa kike, wa kwanza, tumbo limefungwa mkaja, sitakiwi kuvuka kizingiti mpaka arobaini. Alasiri ile kukawa kimya, nikachungulia, bahari haipo, samaki wanarukaruka kwenye matope, na watu wanapita mlangoni mwangu mbio kuelekea mikokoni, wananiita njoo, njoo, nami nikavuka kizingiti na miguu ikaanza kuwafuata, jamani, nilikuwa nakwenda kumzamisha mwanangu kwa miguu yangu mwenyewe. Mimi nikiogopa huwa naimba, hata shuleni kabla ya mtihani niliimba, basi mdomo ukatoa wimbo uleule wa Saumu. Ipe uso, bibi. Nikasimama. Nikageuka. Nikapanda tuta naiendea bahari, naimba huku nalia, mtoto kifuani, na wanawake walionisikia wakageuka nao wakaimba, hata Saumu mwenyewe, aliyekuwa mbele kabisa kukimbilia mikokoni, alisikia wimbo wake nyuma yake akarudi.

Maji yalikuja kwa nyuma. Yalichukua kitanda changu kingali na joto letu. Watu watatu hawakugeuka, hatukuwaona tena. Na tuta lililiwa upande mmoja, kaburi moja la watoto wa Bi Mwanakombo, la yule mdogo kabisa, likaenda.

Mume wangu Hatibu yuko kazini Maskati. Alilia kwenye simu mpaka nikawa mimi ninayembembeleza, kisha akasema binti asipewe jina la ukoo, apewe jina la aliyemwokoa, na huyo awe somo wake na mama yake wa pili maisha yote. Neno zuri, lakini ndilo lililonikosesha usingizi.

Bi Mwanakombo aliposikia alisema, "Mwanangu, hesabu za yule mtafiti zingekupandisha wapi kama si mimi? Hewani? Mimi tsunami siijui. Nilikaa na wanangu tu. Lakini nilikaa."

Raya alikuja na futi yake kupima alama ya maji ukutani, akaomba kumpakata mtoto, akampakata muda mrefu sana, futi imeanguka chini hata haioni. "Dada, nilikizamisha kijiji hiki mara mia nne," akasema, "na kila mara nilihesabu waliokufa, ndiyo kazi yangu. Mimi sina mtoto. Natamani mmoja aliyepona aitwe kwa jina langu."

Saumu kwanza alisema hataki, ana aibu, alimcheka mtu wa haki. Akafika mlangoni akarudi.

"Lakini, shoga, mtafiti alizungumza saa nzima. Nitajie maneno mawili unayoyakumbuka ambayo mimi sikuyaimba."

Nikatafuta kichwani. Nikajikuta naimba.

Bila Raya tungejua nini? Bila Saumu ningekumbuka nini? Bila Bi Mwanakombo ningesimama juu ya nini? Halafu nageuza: mmoja aliwalinda wafu, si sisi, mmoja alituonya tukamwacha aende kwa aibu, mmoja alitaka kuchekesha tu. Nimemwomba Hatibu achague yeye, anasema aliyepanda tuta ni mimi, basi nichague mimi.

Kesho ni arobaini. Mtoto atanyolewa, atatolewa nje, wote watatu watakuwepo wamejipamba, nami nitatakiwa kutamka jina moja mbele yao. Amelala hapa pajani, ngumi imekunjwa, mpaka leo tunamwita Mama tu.

Je, nani alistahili? Sogea, ninong'oneze jina sikioni. Kesho nitalitamka kama nililoamua mwenyewe, na kwamba aliyechagua ni wewe, naapa, sitamwambia mtu.